Muulize Mwalimu: Bosi kaniita "naive", nicheke au nilie?

Haya wapenzi, toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu barua ya binti mmoja wa Raskazone aliyeitwa naive na bosi wake, nikasema mwenye swali la kufanana na hilo alete, basi mmeleta mpaka mhariri kanipigia simu kuniuliza mwalimu kulikoni. Kwa hiyo safari hii ukurasa mzima ni wa neno hilo moja, wale wa maswali ya "since" na "for" mnivumilie mpaka toleo lijalo. Barua nyingine nimezipunguza maana kuna watu mnaandika utadhani mnaandika wasia.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni binti nafanya kazi risepsheni kwenye hoteli ndogo huku Raskazone, nina mwaka na kidogo. Kuna mgeni alikuja amevaa vizuri ana begi la laptopu, akalala siku mbili, siku ya kuondoka akaniambia dada nimeshalipa kwa simu si unaona, akanionyesha meseji kwenye simu yake imeandikwa muamala umekamilika, jina la hoteli lipo, kiasi kipo, mpaka kumbukumbu namba ipo. Mi nikaona sawa nikampa risiti akapanda bodaboda huyoo stendi ya Kange. Hela haijaingia mpaka leo. Bosi wetu ni mzungu, hakunikata mshahara wala hakunifokea, ila juzi nimepewa ripoti yangu ya mwaka kaandika "She is honest and hardworking but a little naive with customers." Nimetafuta kwenye dikshenari ya simu ikaniletea mjinga. Nimelia mwalimu. Wenzangu wa jikoni wananiambia we nawe, hilo neno zuri, maana yake mtoto mzuri asiye na makuu. Sasa nani mkweli? Na hiyo ripoti nisaini au nikatae? (Binti wa Risepsheni, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, futa machozi kwanza. Hiyo dikshenari imekuonea, na hao wa jikoni nao wamekupamba tu.

Naive ni mtu ambaye dunia haijamfunza bado. Akili anazo, tena anaweza kuwa nazo kuliko mimi na wewe, na roho yake safi, ila lile jambo halijawahi kumgeuka kwa hiyo anadhani watu wote wako kama yeye. Si wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka? Sasa naive ndo yule ambaye hajaumwa, akiona ung'ongo anaona ung'ongo na akiona nyoka pia anaona ung'ongo. Ndo maana nasema kukuita mjinga ni kukuonea, mjinga tunavyomsema siku hizi ni asiyejua kitu, na wewe kazi yako unaijua, wageni unawapokea, vitabu unajaza, kilichotokea ni kwamba ulimwamini mtu asiyestahili kuaminiwa. Na kuna neno lao lingine, gullible, huyo ndo mwepesi wa kudanganywa, leo unamdanganya na kesho unarudi na uongo uleule anaununua tena. Angeandika hilo ningekwambia kaa chini ujitafakari. Hakuandika hilo.

Hebu tuisome hiyo sentensi pole pole maana huyo bosi wako kaandika kwa kupima. Kaanza na "honest and hardworking", mwaminifu na mchapakazi, yani hela imepotea mikononi mwako na bado jambo la kwanza kusema ni kwamba hakushuku wewe kuhusika, hilo peke yake lingenitosha nikalala usingizi. Alafu "but". Hapo ndo penyewe, wenye Kiingereza chao sifa zote wanazoziweka kabla ya "but" ni mkeka tu wa kukukalisha, kilichowaleta kipo baada yake. Alafu "a little", kidogo, hiyo usiiamini sana, mara nyingi wanaitia kulainisha na maana yake si kidogo hata kidogo. Na mwisho "with customers", na hapa ndo nataka ushike kwa mikono miwili. Naive inapenda kuwa na mahali pake. Wanasema fulani ni "politically naive", siasa hazijui, au "naive about money", mambo ya hela ndo hana habari nayo, na huyo huyo anaweza kuwa profesa au daktari wa upasuaji. Bosi wako hakusema wewe ni naive ukakoma hapo, kasema ni kwa wateja. Kwingine kote hajakugusa. Kwa hiyo mtu yeyote akikuita hivyo kuanzia leo we muulize "kwenye nini?", akiwa na jibu msikilize, akikosa jibu ujue alikuwa anatafuta tusi la heshima.

Sasa wale wa jikoni hawakutunga kila kitu, neno lina utamu wake wa zamani. Limetoka Kifaransa na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, nativus, lenye asili ya kuzaliwa, ni ukoo mmoja na native na nature, mpaka Noeli yetu ya Desemba imetoka kwenye mzizi huohuo wa kuzaliwa. Yani naive alikuwa mtu aliye kama alivyozaliwa, hajajitia mbwembwe. Waingereza walilichukua karne ya 17 likiwa bado na huo uzuri, na hadi leo wakimsema mtoto mdogo linaweza kuwa tamu tu. Lakini kwenye ripoti ya kazi mwanangu, hapana, pale ni kasoro, imesemwa kwa upole ila ni kasoro.

Na uangalie linasemwa juu ya nani na la wakati gani. Mtu akijisema mwenyewe, "I was young and naive", anacheka, amekua, yamepita. Akikusema wewe, na ya sasa hivi, linachoma. Na kwenye mikutano ndo usiseme, mtu akianza "It would be naive to think..." ujue anampiga mwenzake ngumi ila kavaa glavu, maana hajamwita mtu jina, kaliita wazo, na wote mezani wanajua wazo ni la nani.

Kuhusu kusaini, kwa kawaida saini pale ni kusema nimeisoma, sio kusema nimekubali, ila muulize kwanza ndo usaini. Na kama pana nafasi ya maoni yako usiache wazi. Andika kwamba kuanzia sasa malipo ya simu unayathibitisha kwenye simu ya hoteli na sio ya mteja. Meseji ya kweli ya kupokea hela inaingia kwa anayepokea, hiyo ya kwenye simu ya mgeni mtu yeyote anaweza kuichapa mwenyewe chooni akaja kukuonyesha. Wala usijione wa kwanza, ile "ile hela tuma kwenye namba hii" imekula watu wazima wenye digrii zao. Sisi tunasema mtu akitapeliwa ameingizwa mjini, na we ndo umeshaingizwa hivyo, karibu mjini mwaya.

SWALI: Mwalimu hivi linatamkwaje? Tiicha wetu anasema "neivu", kaka yangu anasema "naifu" kama kisu. Na zile nukta mbili juu ya i ni za nini? (Kidato cha Tatu, Muheza)

JIBU: Silabi mbili, na-iiv, mkazo unaangukia ya pili. Zile nukta ni za Kifaransa, zinamwambia msomaji asizikokote a na i pamoja, kila moja isomwe peke yake. Wewe Mswahili hazikusumbui, neno kaimu unalisoma bila nukta na hukosei. Waingereza wengi siku hizi wanaziacha na si kosa. Kifaransa mwanaume ni naïf na mwanamke ni naïve, Waingereza walizichukua zote mbili alafu ile ya kike ndo ikashinda, wanawapa wanaume na wanawake sawa. Hali yenyewe ni naivety. Tiicha usimsute mbele ya darasa.

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Bagamoyo. Nasoma magazeti yenu naona mnahangaika na maneno ya watu. Kiswahili hakikosi neno. Hilo naive ni mjinga, basi, kwisha habari. Wazee wetu walilitumia hivyo na hakuna aliyelia. (Mzee wa Magomeni, Bagamoyo)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Najua umeniandikia kwa kunisuta ila umenifurahisha, maana kwa mjinga wa zamani uko sahihi kabisa, na ni huko huko kwenu ndiko aliko.

Bagamoyo ya karne ya 19 ilikuwa ndo mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora, watu wanashuka na pembe za ndovu mabegani, wengine wanashushwa kwa minyororo bila kutaka. Sasa mwenyeji wa pwani akimwona mtu amefika juzi kutoka bara, lugha hajaijua, desturi hajaijua, bei ya kanga hajaijua, alimwita mjinga. Si kwamba hana akili, ni mbichi, ndo kwanza kafika. Jina hilo walibandikwa sana watumwa wapya, na aliyezaliwa hapahapa pwani yeye aliitwa mzalia na akajiona yuko juu. Kamusi za Kiswahili walizoandika wamisionari karne hiyo wamemweka mjinga hivyo hivyo, mtu mpya, asiyezoea.

Na hapa mzee kuna kitu mi huwa kinanichekesha peke yangu. Naive ya wenzetu imetokana na kuzaliwa, na mjinga wetu alikuwa yule ambaye hakuzaliwa hapa! Wao wakimtazama asiye na uzoefu wanaona mtoto, sisi watu wa bandari tuliona mgeni. Ndo akili ya mji wa kupokea majahazi hiyo, na sisi Tanga tunayo hivyo hivyo, si unajua kejeli yetu ya waja leo.

Ile methali, mjinga akierevuka mwerevu yupo mashakani, nayo inakaa sawa ukimfikiria mjinga huyo wa kale. Asiye na akili haerevuki, atakuwa hivyo mpaka kaburini. Ila aliyefika juzi, akishakaa misimu miwili sokoni akaijua bei na akaijua lugha, mwerevu aliyekuwa anamlangua lazima ashikwe na jasho. Na wajinga ndio waliwao pia, waliliwa kwa sababu walikuwa wapya.

Ila mzee wangu, lugha haikusubiri. Wewe leo toka hapo nje Magomeni umwite kijana wa bodaboda mjinga alafu uanze kumweleza ya wamisionari na kamusi zao, tutakuja kukuchukua hospitali. Neno limeshachachuka. Kwa hiyo siwezi kumwambia binti wa watu bosi kakuita mjinga nikategemea asilie.

SWALI: Mwalimu hujambo, mi ni mwanafunzi wa uuguzi, niko mazoezini hapa Tanga. Kwenye fomu za utafiti wa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi nimekuta wagonjwa wamegawanywa, wengine "treatment-naive" na wengine "treatment-experienced". Nimeona vibaya, kwa nini wagonjwa wanatukanwa kwenye karatasi? (Nesi Mtarajiwa)

JIBU: Hawajatukanwa mwanangu ila nafurahi ulivyoona vibaya, nesi mwenye jicho hilo tunamtaka. Pale maana yake moja tu, hajawahi kutumia dawa hizo. Hakuna habari ya tabia wala akili. Wanawatenganisha kwa sababu aliyekwishatumia dawa, hasa kama alikuwa akiacha na kurudia, virusi vyake vinaweza kuwa vimeshajenga usugu, sasa ukimchanganya na asiyewahi kuzitumia matokeo ya utafiti yanakuwa pilau na uji sahani moja.

Na huko kwenye udaktari hawaishii hapo, mpaka seli za damu wanaziita hivyo. Kuna zile chembe nyeupe za T, zikishakomaa kwenye tezi ya thaimasi zinaingia kuzunguka mwilini, kila moja imeumbiwa kumtambua adui wa aina yake na bado hajatokea, hizo wanaziita "naive T cells". Siku adui anatokea inaamka, inazaliana kwa wingi, na baada ya vita baadhi zinabaki na kumbukumbu, akirudi tena zinamjua. Chanjo inafanya kazi hivyo hivyo, unazionyesha sura ya adui kabla hajaja mwenyewe. Binti wa Risepsheni usome na hapa.

Mi ningekuwa na sauti ningewaomba madaktari watafute neno jingine la kumwandikia binadamu, seli haisomi fomu lakini mgonjwa anasoma. Ila limeshaota mizizi. Wewe ukimweleza mgonjwa kwa Kiswahili sema "hujawahi kutumia dawa hizi" na usijaribu kabisa kulitafsiri.

SWALI: Mwalimu na sisi wa kompyuta tunalo! Tumefundishwa "Naive Bayes". Lekcha kasema ni jina tu, tuendelee. Kwa nini naive? (Mtoto wa Kodi, Chuda)

JIBU: Sio jina tu, lekcha wako alikuwa anawahi chai. Bayes ni Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki 1761, kanuni yake ya kukadiria uwezekano ilichapishwa 1763 ameshazikwa. Naive imekuja kwa vile hiyo mbinu inachukulia kila dalili inasimama peke yake haijuani na mwenzake. Ikipewa meseji ichunguze kama ni taka, inapima "hongera" peke yake, "umeshinda" peke yake, "tuma" peke yake, wakati sisi tunajua hayo maneno ni ndugu wa tumbo moja, likija moja mengine yako mlangoni. Kwa hiyo ni dhana ya kitoto kabisa na wataalamu wanajua ni ya kitoto, lakini inafanya kazi na kwenye kuchuja barua pepe taka imesaidia sana. Yani iliyoitwa naive ndo inayokamata matapeli, niambieni kama dunia haina vituko.

SWALI: Mwalimu mambo. Nauza picha za kuchora hapa Bagamoyo, tembo, twiga, ndege, wanawake sokoni, rangi zinawaka. Juzi mtalii kaangalia akamwambia mkewe "lovely, naive art", akanunua mbili. Hela nimechukua ila toka siku ile sina raha, mbona kama alinidharau? (Mchoraji wa Barabarani)

JIBU: Poa mwanangu, na hongera kwa kuuza mbili. Huyo hakukudharau, katumia jina la aina ya sanaa, kama wanavyosema taarabu au mchiriku. Naive art ni michoro ya watu ambao hawakupita shule za uchoraji, au wanachora kwa mkono wa namna hiyo, vitu havipungui ukubwa kwa sababu viko mbali, kivuli hakuna, rangi haichanganywi mpaka ikafa, na kila jani limechorwa utadhani limeitwa kwa jina.

Anayetajwa sana ni Mfaransa, Henri Rousseau, aliyezaliwa 1844 akafariki 1910. Huyu kazi yake ilikuwa kukusanya ushuru wa bidhaa zinazoingia Paris, wenzake wakambatiza jina la afisa forodha, na uchoraji ameushika kweli kweli akiwa mtu mzima wa miaka 40 hivi. Alichora misitu ina chui na nyani na maua makubwa kama sinia, na hakuwahi kutoka Ufaransa, msitu wake aliutoa kwenye bustani za mimea za hapo mjini na kwenye vitabu vya picha. Watu walimcheka miaka. Alafu 1908 Picasso akamfanyia karamu, na leo picha zake zinatunzwa kwenye makumbusho makubwa ya dunia.

Ila mi wa kwangu ni Edward Saidi Tingatinga, na hapa watu wa Tanga mkae vizuri. Huyu ni mtu wa Tunduru, kazaliwa 1932, na akiwa kijana alikuja kufanya kazi huku kwetu kwenye mashamba ya mkonge kabla hajahamia Dar es Salaam. Kuanzia 1968 hivi akawa anachora kwenye vibao vya mraba, zile bodi za kupigilia darini, kwa rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Hebu ichukue hiyo rangi uione, inang'aa, inakauka ngumu, haitaki kuchanganywa changanywa, kwa hiyo hata ungetaka kuchora kivuli laini kama Mzungu yenyewe inakukatalia. Unapaka chini rangi moja tambarare alafu chui wako unamkalisha juu yake, doa baada ya doa. Huo mng'ao ambao watalii wanausifia kwenye meza yako umetoka kwenye kopo la baiskeli. Alikufa 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, akiwa na miaka 40 tu, na wanafunzi na ndugu zake ndo wakaendeleza mpaka jina lake likawa jina la mtindo.

Ninachokubaliana na wewe ni hiki. Wakosoaji wengine wanapenda kutupa kila kitu cha Afrika kwenye hilo kapu, mtu kajifunza miaka kwa mwalimu wake chini ya mwembe, ana kanuni, ana mpangilio, alafu wanasema naive kwa sababu hakusomea kwao. Hapo una haki ya kununa. Mtalii wako lakini alisema "lovely" kwanza na akatoa hela, we mwongezee bei akirudi.

SWALI: Mwalimu wangu, habari za masiku. Kijana wangu wa kiume anakwenda Dar chuo. Tumemlea kwa geti kali mpaka kuvuka barabara ya Ngamiani anangoja kuambiwa, mtu akimwambia kaka nishikie mzigo huu anaushika. Nataka kumwambia yuko naive, ila kwa Kiswahili nikimwambia vibaya atanuna na nikimwambia vizuri hatasikia. Nitumie neno gani? (Mama wa Ngamiani)

JIBU: Njema mama, pole na kuaga mtoto. Neno moja hulipati, chagua kwa unachotaka aumie wapi. Mshamba usimwite, hilo linatukana alikotoka na alikotoka ni kwako. Limbukeni sio lenyewe, limbukeni ni yule aliyekipata kitu kwa mara ya kwanza akakosa utulivu, kanunua simu mpya anaipokelea sauti ya juu kwenye daladala, huyo wako hajakipata bado. Bwege, zuzu, boya, hayo waachie vijana wenzake watampa bure. Mwanagenzi zuri na lina heshima ila ni la anayejifunza kazi, lingemfaa akienda gereji. Geti kali yenyewe umeshaisema na ni nzuri kwa sababu lawama inamwangukia mwenye geti.

Mi ningekuwa wewe ningemwambia "mwanangu, mji bado hujaujua". Hiyo "bado" ndo inayobeba mzigo wote, bila yake umemhukumu, ukiiweka umempa muda. Alafu usiishie kwenye neno, mwambie vitu. Mwambie akishuka stendi mtu akimwita kwa jina la kabila lake au akasema tulisoma wote asishike begi la mtu. Mwambie hela ya ada halipi mkononi kwa kaka aliyekutana naye getini anayejua njia ya mkato. Mwambie akipigiwa kwamba mama yako kalazwa tuma haraka, amkatie simu akupigie wewe kwanza. Na kabla hajaondoka mtume Mgandini peke yake akanunue nazi na samaki, asirudi na chenji pungufu, akirudi nayo pungufu mtume tena.

SWALI: Mwalimu naomba kazi benki, nimeandika kwenye barua "I am naive but hard working and I learn fast." Iko sawa? (Mwenye Haraka)

JIBU: Futa! Umewaambia watu wa hela kwamba unaingizwa mjini kirahisi. Ulichotaka kusema ni kwamba huna uzoefu, na hilo ni "inexperienced", ila nalo usijiandikie, andika "This would be my first full-time job" alafu endelea na unachokijua kufanya. Na hardworking ni neno moja, usiweke nafasi katikati.